Sababu ya Safari: Kutembea Tu

Kwetu Kolwezi, mji wa migodi nchini Kongo, kitu hakisafiri bure. Malori yanashuka kwenda mpakani Kasumbalesa yamebeba mabamba ya shaba yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma, na magunia makubwa meupe ya kobalti. Yakirudi yamejaa salfa ya manjano, chokaa, matairi na unga wa mahindi wa Zambia. Hata vumbi letu jekundu la kiangazi lina mahali linapokwenda, na mahali penyewe ni sebuleni kwangu. Katikati ya msongamano huo wa vitu vyenye shughuli zake, yupo mtu mmoja anayepanda basi mikono mitupu, hana anachopeleka wala anachofuata. Mtu huyo ni mimi, na jambo hilo limewakera wengi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Likizo kubwa ikifika, mwezi wa Julai, wakati baridi ya Kolwezi inatulazimisha kuvaa makoti mazito hadi jua lipande, nashusha begi kutoka juu ya kabati na kulipangusa. Siku hiyohiyo mtaa unaanza uchunguzi. Jirani wa kushoto anasema nakimbia deni. Mchungaji anasema nakwenda kufunga na kuomba mlimani, na amekwisha kunisifu mbele ya waumini. Shemeji yangu ana hakika kuna mwanamke wa pili. Mwanzo alikuwa anakaa Likasi, halafu akahamia Lubumbashi, na sasa yuko Ndola, huko Zambia, maana huyo mwanamke husogea kila nauli yangu inapopanda. Vijana wachimbaji ndio wabaya zaidi. Wao wanasema nimeona mawe mahali, na mmoja amewahi kunifuata hadi kituo cha basi akiwa na sepetu.

Siwalaumu. Tangu mwaka 2014, watu wa mtaa wetu wa Kasulo walipogundua kwamba kobalti iko chini ya nyumba zao na wakaanza kuchimba uani na hata vyumbani, mtu wa Kolwezi anayeaga nyumba yake anaonekana ana kichaa. Utajiri uko chini ya kitanda, wewe unakwenda kuutafuta wapi? Nikijibu kwamba sitafuti utajiri, ninakwenda kutembea tu, wananitazama kwa huruma, kisha wanarudi kwenye habari ya mwanamke wa Ndola.

Mama watoto peke yake haamini lolote kati ya hayo. "Angekuwa na mwanamke," anawaambia, "angenunua viatu."

Sasa, mambo haya ya mtaani huishia mtaani. Shida kubwa iko barabarani, kwa sababu barabarani sababu huandikwa. Kutoka Kolwezi hadi Lubumbashi ni kama kilomita 300 kupitia Fungurume na Likasi, na safari moja nilishushwa kwenye kizuizi pamoja na abiria wenzangu tukaandikwe kwenye daftari. Kijana aliyekuwa anaandika alikuwa na adabu zake zote.

"Jambo papa. Unaenda wapi?"

"Lubumbashi."

"Kazi yako?"

"Mwalimu."

"Ordre de mission iko wapi?" Ndiyo karatasi ya kutumwa kikazi.

"Sina. Niko likizo."

"Basi unaenda kufanya nini kule?"

"Kutembea tu."

Akainua kalamu. "Kutembea ni kufanya nini?"

Nikamweleza. Kuzunguka mjini, kuona watu, kukaa mahali kunywa kitu, kisha kurudi nyumbani. Akauliza watu gani. Nikasema wowote. Nyuma yake dereva alikuwa anapiga honi. Kijana akalitazama daftari lake, akanitazama mimi, akashusha sauti: "Papa, huku tunaandika biashara, kazi, ugonjwa ao kilio. Nikuandikie gani?"

"Andika kutembea."

"Pole sana, papa," akasema, na akaandika kilio.

Nilipopanda tena, mama aliyekaa karibu yangu na beseni la samaki wakavu alikuwa amekwisha kusikia. Akanishika mkono. "Pole, papa. Ni nani?"

"Hakuna aliyekufa, mama. Yule kijana ameandika tu."

Akawageukia wa nyuma. "Hataki kusema."

"Basi ni mtoto," sauti ya mwanamume ikatoka kiti cha mwisho.

"Hapana, mtoto angelia. Ni mama yake."

Nikasimama, nikasema kwa sauti ambayo huwa naitumia kwa darasa la watoto sitini, kwamba mama yangu alifariki zamani. "Ee, ni mama," basi zima likaitikia, na wanawake wawili wa kwaya wakaanzisha wimbo.

Ukishawekwa kwenye msiba, kujitetea ni kuzidi kuuthibitisha. Kila nilipokana walisema ni uchungu. Niliponyamaza walisema sasa ameanza kukubali. Fungurume kofia ilipitishwa. Likasi, tulipoteremka kununua maji na ndizi, dereva mwenyewe akaniongezea noti, na nikawa nimerudishiwa karibu nauli nzima. Nilijaribu kuzirudisha pesa hizo. Utingo akakunja uso: "Pesa ya kilio hairudishwi papa, inaleta mkosi." Nikabaki nazo mfukoni, zimenivimba kwenye paja.

Kumbe ndani ya basi kulikuwa na kijana anayemjua dada yangu wa Katuba, pale Lubumbashi, na kijana huyo alikuwa na simu yenye salio. Nilipofika kwa dada, viti vya plastiki vilikuwa vimekwisha kupangwa uani chini ya turubai, sufuria kubwa ya bukari, yaani ugali, iko motoni, sombe ya majani ya muhogo inanukia, na ndugu ambao sikuwaona tangu harusi yangu wamekaa kimya wakinisubiri nilitaje jina la marehemu. Nikawaambia hakuna marehemu. Mjomba, mzee wa reli aliyestaafu, akafikiri kidogo, akauliza viti vimekodiwa hadi lini. Hadi kesho asubuhi, akajibiwa. "Basi tukae," akasema mjomba.

Tukakaa. Kwa kuwa hatukuwa na marehemu mmoja, tuliwachukua wote. Usiku ule tulimtaja kila mtu wa ukoo aliyetangulia, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja na visa vyake: babu aliyetoka Kasai kuja kutafuta kazi ya migodi na kumbe alikuwa anamkimbia mkwe, shangazi aliyekuwa anaficha pesa ndani ya unga akasahau na kuzisonga bukari. Pesa ya kofia tulinunua vinywaji. Kulipopambazuka watu walikuwa wanacheka hadi wanashika mbavu, na majirani wa dada wakasema hawajapata kuona msiba mzuri kiasi hicho. Niambieni ni mkutano gani wa ukoo ungenipa usiku ule kama ningesafiri na sababu.

Hiyo ndiyo ladha ninayoifuata. Watu husema wanapenda safari kwa ajili ya mandhari. Mimi mandhari nayapenda pia, lakini kusema kweli, mti ni mti. Ninachokitaka ni ile hali ya kukaa kiti kimoja na mtu nisiyemjua, bega kwa bega, saa nyingi, hadi anifungulie maisha yake yote kabla ya kunitajia jina lake. Kolwezi kila mtu ananijua mimi ni papa mwalimu, na akiniona anarekebisha sarufi yake na kuficha chupa. Nikifika mahali wasiponijua, naambiwa mambo ambayo mwalimu haambiwi.

Nikicheleweshwa mpakani huwa nawakumbuka wasafiri wawili waliopita upande huu wa mto Lualaba mwanzoni mwa karne ya 19, Pedro João Baptista na Amaro José. Walikuwa Waafrika kutoka Angola, wametumwa kutafuta njia ya nchi kavu hadi Tete, Msumbiji. Wakapita nchi ya mtawala Mwata Yamvo, wakavuka Lualaba, wakafika kwa mtawala mwingine, Kazembe. Kazembe akawaambia wangoje kidogo. Wakangoja miaka minne. Tete walifika mwaka 1811. Hao walikuwa na barua na sababu nzuri ya safari, na haikuwasaidia kitu.

Msiri naye alikuja huku kutoka Unyamwezi kufuata shaba, safari ya kibiashara ya kawaida kabisa, akaishia kuwa mtawala wa Bunkeya hadi alipopigwa risasi na watu wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji mwaka 1891. Na yupo Livingstone, ambaye mwaka 1871 alisimama Nyangwe akiutazama mto wetu huu, moyoni anaomba uwe Nile. Akafa mwaka 1873 bado anaomba. Stanley ndiye aliyeufuata hadi ukamtoa upande wa Atlantiki mwaka 1877. Kila ninapowafundisha watoto habari hiyo kuna mmoja anauliza kwa nini yule mzungu hakuwauliza wenyeji, na kila mwaka nampa alama kamili.

Safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa kwenda kuiona bahari. Mtu wa Kolwezi kufika baharini si jambo dogo. Tuko mbali na Atlantiki, mbali na Bahari ya Hindi, na maji makubwa tunayoyajua ni ya bwawa la Nzilo. Nikapita Kasumbalesa kwa miguu kando ya foleni ya malori ambayo mwisho wake sikuuona, madereva wamelala chini ya matela, wengine wanapika, wengine wananyoana nywele. Nikavuka Zambia kwa mabasi hadi Nakonde. Nakonde na Tunduma ni miji miwili iliyobanana, mmoja Zambia, mwingine Tanzania, mtu anaweza kununua nyanya huku na kitunguu kule. Nililala upande wa Nakonde kwa sababu chumba kilikuwa bei nafuu, na tiketi yangu ya basi la asubuhi la Tunduma nikaiweka ndani ya kofia. Nikaamka mapema, nikavuka, nikafika kituoni kwa saa yangu bado robo saa. Basi lilikuwa limeondoka zamani. Tanzania iko mbele ya Zambia kwa saa moja nzima, na hiyo saa niliipoteza ndani ya hatua chache, kati ya muuza nyanya na muuza vitunguu.

Basi nikawa na siku nzima ya kukaa Tunduma. Nikaingia kwa mama ntilie, nikaagiza chai na chapati. Kijana wa meza ya pili akaniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia Kolwezi. Akahama meza.

"Kaka," akaninong'oneza, "una mzigo?"

"Nina koti."

Akatikisa kichwa taratibu, mtu anayelishika neno la siri. "Koti ngapi?"

"Moja."

"Kubwa?"

"Zito sana."

Chai yangu akailipa yeye. Mchana waliongezeka wenzake wawili, wakaninunulia wali na samaki, wakanipa kiti chenye mgongo. Nilisema wazi, tena na tena, kwamba mimi ni mwalimu ninayekwenda kuona bahari. Wakacheka kwa heshima. Mmoja akasema katika miaka yote ya biashara hajapata kukutana na mtu makini hivyo. Jioni nikafungua begi mbele yao: koti la sufu, suruali, taulo, daftari, sabuni. Wakalipekua lile koti hadi kwenye bitana. Halafu yule wa kwanza akasimama, akanipa mkono, na machoni mwake niliona kwamba bado haamini. Ameamua tu kuwa mimi nimemzidi.

Koti lenyewe lilinitesa zaidi mbele ya safari. Mwaka 1896 Mngazija mmoja, Salim bin Abakari, alifuatana na bwana wake Mjerumani hadi Urusi na Siberia, na habari ya safari yake ikachapishwa kwa Kiswahili mwaka 1901. Yeye alitoka kwenye joto akaenda Siberia. Mimi nilishuka Dar es Salaam nimevaa vazi la Siberia. Lilikuwa limekataa kuingia tena kwenye begi baada ya kupekuliwa, basi nikalivaa. Kuanzia kituoni hadi Kariakoo watoto walinisindikiza. Mwenye gesti alinihurumia akanipa chumba chenye pangaboi, nikalala chini ya pangaboi lile siku mbili mchana na usiku nikitoka pale kwa ajili ya chakula tu. Na chakula nacho. Jioni ya kwanza nikaona watu wamezunguka sufuria, wote wanaume, wanakunywa kitu kwa vikombe, nikajiunga. Ilikuwa supu ya pweza, ile wanayosema inaongeza nguvu za kiume. Muuzaji akaniuliza nina watoto wangapi, nikamwambia sita. Akaupokonya mkono wangu kikombe. "Mzee, wewe huhitaji," akasema, na foleni nzima ikamuunga mkono.

Bahari nikaiona. Nilivuka kwa pantoni pale Magogoni kwenda Kigamboni, nikarudi, nikavuka tena, abiria pekee ambaye hakuwa na haraka ya kuteremka. Nikaonja yale maji kwa kidole kuhakikisha. Ni ya chumvi kweli.

Lakini kitu kilichonishika hakikuwa bahari. Nilikuwa nimesimama kando ya Barabara ya Mandela, ile inayoelekea bandarini, lori likapita polepole kwenye foleni, turubai limelegea pembeni, na chini ya turubai nikaona kingo za mabamba ya shaba, ile rangi ya waridi iliyochafuka kidogo, na mikanda ya chuma. Kolwezi mabamba hayo yanapita mbele ya shule yangu mchana kutwa, na kazi yake kubwa ni kuninyima njia ya kuvuka. Pale nilijisikia nimekutana na mtoto wa jirani ughaibuni. Nikapunga mkono. Nikasogea. Nikasema, "Kolwezi!" Dereva akapandisha kioo na kufunga mlango kwa ndani.

Mzee mmoja aliyekuwa anauza kahawa hapo akaniuliza kama lori limenidai. Nikamweleza. Yeye amekaa karibu na bandari hiyo umri wake wote, akaniambia mzigo ule unapanda meli, mwingi unakwenda Uchina, huko unafanywa nyaya. Nikamuuliza nyaya zinakwenda wapi. Akanyoosha kidole kwenye kibanda cha nyuma yangu, kilichojaa chaja za simu.

Nikanunua moja. Ndio mzigo wa kwanza niliowahi kubeba safarini, na nilirudi nao kwa reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, nikiwaona tembo na twiga dirishani bila kulipa kiingilio cha mbuga. Treni ile iliitwa Mukuba, yaani shaba. Huwezi kulikwepa hili jambo. Nikaifikisha chaja Kolwezi salama, karibu kabisa na shimo ambako nyaya zake huenda zilizaliwa, nikaichomeka ukutani mbele ya familia yote. Umeme ulikuwa umekatika.

Hapo nami niseme langu. Mto Lualaba umezibwa Nzilo na umezibwa Nseke, mabwawa mawili ya miaka ya 1950, yote mawili jirani zetu, na umeme wake unapita juu ya paa zetu kwenda kuyeyusha shaba. Sisi tunabaki na mishumaa. Lakini giza hilo limenifaa mimi kuliko mtu yeyote mtaani, kwa sababu televisheni zikizimika wanakuja kwangu. Wanakaa barazani, yule jirani wa kushoto, shemeji, vijana wa mawe, hata mchungaji, na wanataka habari ya pweza kwa mara nyingine. Wanaifahamu kunishinda. Nikikosea idadi ya watoto niliyomtajia muuzaji wananisahihisha. Na shemeji husubiri nimalize, kisha anauliza, kwa upole, Ndola nilipita saa ngapi.

Mwaka huu mama watoto ametangaza kwamba anakuja. Hakuomba. Alisema tu kwamba amechoka kuzisikia safari hizi akiwa amekaa, na kwamba anataka kuona Bukama, mahali Lualaba inapoanza kubeba meli na pahala reli ilipofika mwaka 1918. Nikamwambia Bukama ni joto na mbu. Akasema amenisikia nikisifu Tunduma, kwa hiyo maoni yangu kuhusu miji hayategemewi. Akafunga mizigo: godoro, jiko la makaa, sufuria tatu, kuku wawili hai, ndoo, na mwavuli. Begi langu akaliweka ndani ya ndoo.

Kizuizini tukashushwa tuandikwe. Kijana, si yule wa kwanza, akamuuliza mama watoto anakwenda wapi na kufanya nini.

"Ninamfuata huyu," akasema, akinionyesha kwa kidevu.

Kijana akaandika bila kuinua kichwa, akampa karatasi yake, akamwambia safari njema mama. Kisha akanigeukia mimi na kuniuliza ordre de mission.